Juzi ya Bi Redio

“Juzi gani, Bibi? Nataka siku yenye jina.”

“Juzi ni juzi, mke mwenzangu. Hata mtoto wa chekechea anaijua.”

“Ijumaa? Jumamosi?”

Bi Redio aliinua macho darini kana kwamba kalenda imetundikwa huko. “Ijumaa za wakati ule hazikuwa na mbio kama hizi,” alisema. “Lakini ilikuwa juzi juzi tu hapa. Baba yako alikuwa hajaota hata jino.”

Mjukuu wake akaiweka kalamu mezani taratibu, kama mtu anayelaza yai. Baba yake alikuwa na miaka arobaini na sita, na magego mawili alikwisha kung'olewa.

“Arobaini na sita,” akasema.

“Miaka inakwenda,” Bi Redio akakubali.

“Bibi, mimi nimeandika gazetini kwamba samaki ametoka bombani juzi. Juzi, maana yake siku moja kabla ya jana.”

“Hiyo ni juzi yenu nyinyi wenye saa za mkononi. Juzi yangu mimi ina nafasi.”

Gazeti lenyewe lilikuwa hapo mezani, la Jumatatu, herufi zake za mbele kubwa kama kandambili: SAMAKI ATOKA BOMBANI. Chini yake ikaelezwa kwamba mkazi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na minne, jina limehifadhiwa, juzi alishuhudia samaki mzima, mrefu kama mkono, akitoka kwenye bomba la uani kwake huku akipumua. Leo ilikuwa Alhamisi. Kwa siku hizo tatu shule ya jirani ilikuwa imemwaga tangi zima, mtaa ulikuwa unachemsha maji mpaka ya kufulia, na Idara ya Maji ilikuwa imeandika barua ya kurasa mbili ikisema mabomba yake hayafugi samaki. Barua ilitaka gazeti lioneshe shahidi, au liombe radhi ukurasa ule ule wa mbele, kwa herufi zile zile.

Mhariri alimtetea mwandishi wake mbele ya wakubwa mpaka jasho likamtoka. Kisha akamwita pembeni. “Nitakwenda mwenyewe kumsikia huyo mama,” alimwambia. “Alhamisi, saa nne. Akisimama imara, tunasimama naye. Akiyumba, unarudisha kitambulisho mezani kwangu.” Mjukuu alikuwa amebakiza wiki tatu tu amalize kipindi chake cha majaribio.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakuwa amelitamka kwa mtu yeyote. Alimpa mhariri jina la mtaa na namba ya nyumba. Hakumwambia kwamba huyo mama ni bibi yake mzaa baba.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika tano.

Ubaya wa jambo hili la pili ulitokana na kazi aliyoifanya Bi Redio maisha yake yote. Alifagia jengo la gazeti lile lile kwa miaka thelathini na moja. Shule aliijua kwa nje tu, kama mtu anavyolijua jumba la mkuu wa mkoa: kwa rangi ya geti. Lakini magazeti aliyajua. Alijua kwamba herufi zikiwa kubwa, mtu amekufa au waziri amefukuzwa, na zikiwa ndogo, mtu ameoa. Siku moja mkubwa mmoja wa ofisi alimkuta amesimama na fagio kwapani, gazeti amelishika juu chini, anatikisa kichwa kama msomaji. Akamuuliza anasoma nini.

“Sisomi,” alijibu Bi Redio. “Nazipumzisha herufi. Zimesimama toka alfajiri.”

Chumba kizima cha habari kilicheka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwacha apite na ndoo yake bila kulipa ushuru wa kisa kimoja. Aliwapa panya aliyetafuna kurasa za michezo mpaka akawa anajua matokeo kabla ya waamuzi. Aliwapa upepo ulioing'oa koma kwenye kichwa cha habari, ukaenda kuitua kwenye gazeti la washindani wao, na waziri akashtakiwa kwa koma isiyo yake. Kulikuwa na mwandishi mmoja kijana, mwembamba, shati limemzidi, ambaye alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya mashine ya kuchapia. Huyo ndiye aliyempa jina. “Bi Redio,” alisema, “kwa sababu tumetafuta kitufe cha kuzimia, hatukukiona.”

Mwandishi huyo alinenepa, shati likamtosha, likambana, na sasa ndiye Mhariri. Akifika saa nne na kumkuta shahidi wake ni Bi Redio, hatahitaji kuuliza swali la pili.

“Tangu lini nikakupa habari ya gazeti, nawe ukaamini?” Bi Redio alisema sasa, akaona afadhali ashambulie. “Wewe umekulia mgongoni kwangu. Ulipokuwa na miaka minne nilikwambia mwezi ni sahani niliyoisahau juu ya paa, na ulikuwa wa kwanza kubisha.”

“Ulinitazama machoni, Bibi.”

“Nilikutazama kwa sababu ulikuwa unaandika.”

Na hapo Bi Redio akanyamaza, maana alikuwa amesema kweli bila kukusudia, na kweli ikimponyoka namna hiyo hujiona kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafuni.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi ile maji yalitoka na tope mtaa mzima, na mjukuu akazunguka na daftari lake akikusanya malalamiko. Mshona nguo alisema kitambaa cheupe cha mteja wake kimegeuka rangi ya chai. Mama wa nyumba ya kona alisema mwanawe anajikuna mwili mzima. Fundi baiskeli naye alisema akitia mkono kwenye beseni hauoni. Bi Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, anasikiliza, na moyo unamuuma. Miaka thelathini na moja aliingia katika jengo la gazeti kila siku saa kumi na moja alfajiri na kutoka na ndoo mbili za taka, lakini ndani ya gazeti lenyewe hakuwahi kuingia, hata kama mtu wa pili kutoka kushoto kwenye picha ya ajali. Na sasa fundi baiskeli, mtu ambaye hata salamu huitoa nusu, nusu nyingine akaweka akiba, anaingia gazetini kwa sababu ya beseni.

“Na mimi yamenikuta,” Bi Redio akaita kutoka mlangoni.

Mjukuu akageuka, akafungua ukurasa mpya.

“Wenzako walikuwa wanacheka tu,” Bi Redio alisema sasa, kwa sauti ya chini. “Hakuna aliyewahi kuandika ninachosema. Wewe ukaandika. Nilipouona mkono wako unakimbia vile, nikaona haya kukupa samaki mdogo.”

“Kumbe alikuwa mdogo.”

“Hakuwa wa kuandikwa.”

Mjukuu akafunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Kisha akainuka, akasema anakwenda uani kunawa uso. Bi Redio alinyanyua mkono kumzuia, lakini hakupata sababu ya haraka. Sababu zake zote za haraka alikuwa amekwisha kuzitumia wiki ile.

“Bibi,” sauti ikatoka uani. “Ndani ya ndoo hii kuna nini?”

“Ushahidi.”

Mjukuu akarudi na ndoo yenyewe, akaitua katikati ya sebule. Ndani yake alikuwa amesimama samaki, kichwa chini, mkia juu, mgumu kama ubao kwa barafu. Bi Redio alikuwa amemfuata sokoni asubuhi ile. Muuza samaki alimuuliza anataka wa kukaanga au wa mchuzi, naye akajibu wa ushahidi, basi akapewa aliyekaa muda mrefu kuliko wote chini ya friji. Jicho lake lilikuwa jeupe kama kifungo cha shati. Ubavuni alikuwa na kipande cha mfuko wa plastiki kilichogandana naye, na kwenye kipande hicho zilionekana herufi tatu za jina la duka.

“Huyu ni samaki wa baharini,” mjukuu alisema.

“Alipotea njia.”

“Mdomo wa bomba letu unaingia kidole gumba tu. Huyu alipitaje?”

“Alijikaza kisabuni.”

“Na barafu hii?”

“Maji yalikuwa ya baridi.”

Kicheko kilimtoka mjukuu kwa puani, bila ruhusa yake. Akakikata katikati. “Usinichekeshe, Bibi. Nitafukuzwa kazi huku nacheka.”

“Afadhali hivyo kuliko kufukuzwa umenuna.”

“Nisikilize.” Alivuta kiti, akakaa mbele ya bibi yake, magoti yakigusana. “Mshona nguo amenipigia simu jana. Anauliza, lile tope limekwenda wapi? Nikafungua gazeti. Tope liko ukurasa wa tano, mistari miwili. Yule mtoto wa nyumba ya kona hata hayumo, alikatwa ili samaki apate nafasi. Idara ya Maji imeandika kurasa mbili, zote za samaki. Tope hawakuulizwa, na hawakulijibu. Na maji ya leo asubuhi umeyaona.”

Bi Redio alikuwa ameyaona. Chai yake ilikuwa imeiva kabla ya kutiwa majani.

“Na si wewe peke yako,” mjukuu akaendelea, akitazama mikono yake. “Nilijua unatia chumvi. Nilikuwa na swali la kukuuliza, lile lile la leo: juzi gani? Sikuliuliza kwa sababu kichwa cha habari kilikuwa kimeshakaa vizuri kichwani mwangu. Niliogopa ukijibu kitaanguka.”

Bi Redio alimtazama mtoto huyu kwa heshima mpya. Hakujua kama kupiga chuku ni ugonjwa wa kurithi.

“Basi nitajifanya hamnazo,” akasema, kwa moyo wa kujitolea. “Nitamuuliza yeye ni nani, na mimi ni nani, na hiki kitu kinachoitwa bomba ni nini. Kwa umri huu hakuna atakayenidai cheti.”

“Ukiwa hamnazo, mimi nitakuwa mwandishi aliyemhoji hamnazo.”

“Niseme ulikuwa na homa siku ile.”

“Bibi.”

“Nizimie. Najua kuzimia vizuri. Kwenye harusi ya baba yako nilizimia mara mbili, na ya pili ilikuwa ya maombi ya wageni.”

“Sema kilichotokea,” mjukuu alisema. “Chote, na kisizidi hapo. Useme kilikuwa lini. Nami nitamwambia wewe ni nani wangu, kabla hajakaa kitini. Akinifukuza, anifukuze kwa kosa langu lenyewe, na tope ataliandika mwingine.”

Mtu angedhani jambo hilo ni dogo. Lakini si kwa Bi Redio. Alikuwa hajawahi kukisimulia kisa kile kwa kipimo chake, na hakuwa na uhakika kama bado anacho.

Wakaanza mazoezi. Mjukuu alikaa kiti cha karibu na mlango, akawa Mhariri. Akakunja nne, akatoa tumbo.

“Haya, mama. Tuambie.”

“Nilikuwa nakinga maji,” Bi Redio akaanza. “Mara bomba likakohoa.”

“Lilikohoa?”

“Hilo ni la kweli. Mabomba hukohoa.”

“Sawa. Endelea.”

“Likakohoa, likapiga chafya, nyumba nzima ikatikisika, vyombo—”

“Bibi.”

“Nyumba haikutikisika.”

“Ahsante.”

“Ilitikisika kidogo.”

Wakaanza upya. Mara ya pili nyumba ilitulia, lakini samaki alitoka na kumtazama Bi Redio kama mtu anayedai radhi. Mara ya tatu aliondolewa macho, akaota masharubu. Mara ya nne mjukuu alitambua chanzo cha tatizo. Bi Redio alipoanza, mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia. Akifika kwenye bomba, ikainuka. Akifika kwenye samaki, ikaanza kuachana, na kadiri ilivyoachana ndivyo samaki alivyokua. Mdomo ulikuwa unaifuata mikono tu, kama mtu anayesoma kipimo kwenye futi.

“Ikalie hiyo mikono,” mjukuu akaamuru.

“Nini?”

“Ikalie. Yote miwili.”

Bi Redio akaiingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Akajiona kama redio iliyochomolewa waya. Alifungua mdomo, ukafunguka kweli, lakini hakikutoka kitu. Nusu ya maneno yake kumbe ilikuwa inakaa kwenye viwiko.

“Alikuwa mdogo,” akasema hatimaye. Neno lilimkwama kama mwiba, likapita. “Kama kidole changu cha mwisho. Mwembamba, unamwona mpaka uti wa mgongo. Alidondokea kwenye sufuria. Babu yako aliporudi kutoka kazini akamtia kwenye glasi. Baba yako tukamkalisha mbele ya hiyo glasi, akawa anacheka, ufizi mtupu. Jioni tukammwaga mtaroni, na maji yalikuwa yanakwenda, kwa hiyo huenda alifika mahali.”

Mjukuu alisubiri. “Ndiyo yote?”

“Ndiyo yote. Unaona? Haijai hata kijiko.”

“Nani alimkuza?”

“Babu yako ndiye aliyeanza. Kesho yake aliwaambia kazini ni mkubwa kama kiganja, nami nilimcheka sana. Alipofariki nikaona nikimwacha hivyo hivyo, atapungua.” Bi Redio alivuta pumzi. “Basi nikawa namlisha.”

Mjukuu alinyoosha mkono, akamrudishia bibi yake mtandio uliokuwa umeteleza begani, maana mwenyewe hakuwa na mikono ya kuurudisha.

“Hicho kisa ni kizuri,” akasema.

“Usinidanganye. Hiyo kazi ni yangu.”

“Ni kizuri. Hakifai ukurasa wa mbele, ndiyo tofauti. Haya, mara moja tena, nizoee kukisikia. Na umwambie mwaka.”

“Mwaka wa kwanza wa kazi yangu ya kufagia,” Bi Redio alisema, na akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kuujua alipoutafuta. “Nilikuwa nakinga maji. Bomba likakohoa.” Akapumua. Alikuwa anaona raha sasa; hata ukweli, akafikiri, una mwendo wake ukishauzoea. “Nikatazama ndani ya sufuria. Na humo, mwanangu, humo alikuwamo samaki mmoja…” Paja la kulia likainuka kidogo lenyewe. Mkono ukachungulia. Wa kushoto ukaufuata mwenzake kuona kuna nini. “Samaki mmoja ambaye…”

“Bibi, mikono.”

“Naikalia, naikalia. Samaki ambaye hakuwa mkubwa, nakubali, lakini alikuwa na namna yake ya kusimama, kama vile—”

“Mikono, nimesema. Ukimfikisha kwenye kiwiko tu nimekwisha, na yule mtu hana mchezo, atanyanyuka hapo hapo na—”

“Hodi,” mtu akasema, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, alikuwa ameshaingia.

Alikuwa mtu mnene, faili kwapani, shati limembana kifuani. Mjukuu aliruka kutoka kwenye kiti chake kana kwamba kimewaka moto. “Mzee, karibu,” alisema. “Kabla hujakaa, huyu ni—”

Mhariri hakumsikia. Alikuwa ametazama ndoo katikati ya sebule na mkia uliosimama ndani yake, ukianza kudondosha maji. Akatazama herufi tatu za jina la duka. Kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa kitini, mgongo wima, mikono ameikalia kama mtu aliyefungwa, na faili likamteleza kwapani.

“Bi Redio,” akasema.

Saa ya ukutani iligonga saa nne, na ilipomaliza Mhariri akakumbuka adabu zake, akasogea hatua mbili, akainama, akanyoosha mkono.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” alisema Bi Redio, akatoa mkono mmoja kumpa. Ule wa pili akaukalia vizuri zaidi.